Miguu Iliyogoma

Ugonjwa wangu ulianzia mapajani. Nilikuwa nimechuchumaa mchangani hapa Nchelenge, kando ya ziwa, nikigeuza chisense, dagaa wetu wanaoanikwa juani, na nilipotaka kusimama mwili ukakataa. Nikajifanya bado nachambua. Wenzangu walipoondoka nikatambaa hadi kwenye nguzo ya kichanja cha samaki, nikajivuta juu.

Nilikula kama mtu anayelima na bado nilikonda. Moyo ulinienda mbio nikiwa nimekaa tu, mikono ikitetemeka. Watu walishajua wanachojua: mwanamke Mkongo, mfanyabiashara wa samaki, anakonda. Nilipima UKIMWI, sina virusi. Hawakuniamini, na sikuwa na nguvu za kugombana nao, jambo ambalo kwangu ni msiba.

Daktari alinishikashika shingo, akasema tezi inafanya kazi kupita kiasi na ndiyo inayodhoofisha misuli. Nikamjibu afadhali kuna kitu mwilini mwangu kinachofanya kazi. Hakucheka. Alisema nikimeza vidonge bila kukatiza, nguvu zitarudi polepole. Vidonge vyenyewe leo vipo, kesho havipo. Nikivikosa, miguu inalegea tena.

Nilichoogopa kupoteza ni safari za kisiwani Chisenga. Samaki wa kisiwa kile hununuliwa kwa mdomo, na mimi nilikuwa na mdomo. Wavuvi wakiniona tu walianza kuguna. Niliwaponda samaki wao, nikawaponda na wenyewe, tukacheka, nikaondoka na bei yangu.

Safari ya mwisho wanaume wawili walininyanyua kama gunia, wakaniingiza kwenye boti. Mdogo wangu, ninayefanya naye biashara na ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, alitazama pembeni.

"Yaya, bakia tu," alisema. "Tutakuletea samaki."

Nikamwambia anyamaze.

Kisiwani nilibaki nimeketi botini, maana nikishuka sitapanda. Nikataja bei ya kipuuzi, ya matusi kabisa, nikingoja mvuvi niliyezoea kubishana naye, Mkongo mwenzangu, apige kelele zake. Yeye akaitazama mikono yangu.

"Bon, mama. Bei yako njo bei. Beba tu."

Nikasema nimekosea, nikataja bei ya chini zaidi. Akakubali. Akawaita wenzake wanipakilie, wakaongea kwa sauti ya chini kama watu walioko matangani. Nililia palepale mbele yao, na hata hapo hakuna aliyenitania.