Bosi Kuang Apiga Magoti

Simu ya Bosi Kuang ilipoingia, Ran Suqiong alikuwa amemshikia mumewe beseni la makohozi.

"Mama yangu amefariki," Kuang alisema. "Nasikia wilaya nzima hakuna mwombolezaji wa kukodi kama wewe. Watakuja wakubwa, sitaki kilio cha rejareja."

"Pole sana, bosi. Nitakuja."

Akakata simu, akacheka mpaka mumewe, Dechun, akaacha kukohoa akamkodolea macho.

"Una wazimu? Kuang huyo huyo? Usiende."

"Nisiende? Hata angesema nimlilie bure, ningeenda mbio!"

Dechun alimvunjia Kuang mawe machimboni kwa miaka kumi na mmoja, na vumbi la mawe hayo halikutoka tena kifuani mwake. Hospitali ya maradhi ya kazini haikutaka kusikia kikohozi, ilitaka barua yenye muhuri mwekundu wa machimbo kwamba kweli alifanya kazi pale. Bila muhuri hakuna kipimo, na bila kipimo hakuna fidia. Kuang kwanza aliwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: njooni kesho, njooni Jumatatu. Baadaye akasema hamjui Dechun, hajawahi kumwona. Ndipo Suqiong alipokwenda kupiga magoti kwenye lango la jumba lake, mvua inamnyeshea tangu alfajiri hadi mchana, barua ameifunga kwenye mfuko wa plastiki kifuani. Gari jeusi likatoka, likamrushia tope, likaenda zake. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Kuang hata uso wake hakuutazama siku ile, ndiyo maana leo alimpigia simu bila wasiwasi.

Msiba ulikuwa kijijini, mbele ya nyumba kuukuu ya matofali ambamo mama mzazi wa tajiri aliishi peke yake na bata wanne, wakati mwanawe ana jumba lenye lifti mjini Chongqing. Sasa amekufa, ndiyo amewekewa hema la hariri, meza themanini za wageni, na fataki za kuamsha mlima. Tabia hiyo matajiri wanayo sana, kumpenda mzazi akishakuwa jenezani.

Saa nane mchana, jua la Julai likiwa utosini, Suqiong alivaa kitambaa cheupe cha msiba kichwani akashika maikrofoni. Mzee Pu, mwenzake wa kazi za misibani, akapuliza zumari. Kuang akapiga magoti mbele ya jeneza, juu ya saruji tupu, kwa kuwa mwombolezaji akianza kulia mfiwa hainuki mpaka anyamaze. Na maneno ya mwombolezaji huhesabiwa kuwa ya mfiwa mwenyewe. Suqiong amekodiwa kuwa kinywa cha Kuang.

"Mama yanguuu! Mimi mwanao nilikula kamba na kaa, wewe ukala wali wa jana na figili ya chumvi! Mimi nilipanda lifti, wewe ukapanda kilima na ndoo ya maji!"

Wanawake wa kijiji wakaanza kufuta machozi. Dakika ishirini, ambazo ndizo desturi, zikapita. Suqiong akaendelea. Nusu saa ikapita. Jasho likamtiririka Kuang mpaka kwenye kola, akawa anahamisha uzito mara goti hili, mara lile. Suqiong aliyaona yote hayo kupitia machozi yake, na moyo wake ukaburudika kama aliyekunywa maji ya mtungini.

Mzee Pu akamsogelea. "Dada, inatosha. Mapafu yangu yanaisha."

Suqiong akaziba maikrofoni kwa kiganja. "Puliza!"

Lakini hasira ina hesabu zake mbaya. Saa nzima ilipotimia, akasikia watu mezani.

"Mnamwona huyo? Tajiri mzima, saa nzima juani kwa ajili ya mama yake!"

"Huyo ndiye mtoto. Wangu hata simu hapigi."

Simu zikainuliwa, watu wakampiga picha. Mkuu wa wilaya akainamisha kichwa kwa heshima. Suqiong akazidi kulia, sasa kwa hasira. Alikuja kumtesa, kumbe anamsafisha! Alitaka kuitupa ile maikrofoni akamkaba koo kwa mikono yake.

Hakuitupa. Sifa walizompa zilikuwa kamba nzuri, akaona afadhali amfunge nayo. Akajitupa chini kando ya jeneza.

"Mama, uliniambia, nikakupuuza! Uliniambia, mwanangu, mpigie muhuri Xiang Dechun, mvunja mawe wako, mapafu yake yamejaa vumbi lako! Leo nakuahidi mbele ya watu wote, sitaacha ubebwe kwenda kaburini kabla sijapiga muhuri huo!"

Kama ni uongo, basi marehemu na aamke akanushe.

Kuang akainua uso, mwekundu. "Hapana, mimi sija..."

"Kimya!" Mjomba wake alikuwa amesimama, kaka wa marehemu, mzee wa miaka themanini na miwili. Katika msiba wa mama hakuna wa kumpinga mjomba, na bila ruhusa yake jeneza haliondoki. "Umemwahidi mama yako, sasa unataka kumgeuka? Gonga kichwa chini, uthibitishe!"

Kuang akawatazama wageni wake, akazitazama simu zilizokuwa zinarekodi, akagonga kichwa kwenye saruji mara tatu. Dereva akatumwa garini kuleta mkoba wa mihuri. Suqiong akatoa barua kifuani, akailaza kwenye kigoda chekundu cha plastiki, akaishika pembe mbili isipeperuke. Muhuri ukatua. Aliupulizia wino mpaka ukakauka, polepole, bosi akiwa bado magotini.

Jeneza lilipoondolewa, Kuang alimfuata Suqiong nyuma ya hema akichechemea, suruali imetoboka.

"Umepata ulichotaka, we mchawi. Sasa potea, nisikuone tena."

"Hilo kamwambie mjomba wako, bosi," alisema Suqiong, akikunja kitambaa chake cheupe. "Amenikodi kwa matanga ya kila siku ya saba, mpaka yatimie mara saba. Mama yako bado ana vilio saba, na hata kimoja hakitapungua saa nzima."