Chumvi ya Musoki na Shingo za Kyondo

Evas Musoki binti Danieri Tsongo, mzaliwa wa Kyondo, ndiye ninayemwandika hapa. Baba yake Danieri alikuwa mpagazi. Alipandisha wazungu watatu mlimani kupitia Ibanda akawashusha wakiwa wanne, maana huko juu alimwokota mmoja aliyepotezwa na kundi lingine, akaona si vizuri kumwacha. Bibi yake alibeba chumvi ya ziwani kichwani siku mbili. Mvua ikamkuta njiani, akafika nyumbani na nusu ya mzigo na mbuzi kumi na mmoja wa watu wakimfuata nyuma kumlamba miguu. Musoki mwenyewe alizaa saba, akazika mume mmoja kwa heshima, akamfukuza wa pili kwa ufagio, na ndiye mwanamke wa kwanza kutuletea Kyondo chumvi ya pakiti kutoka Bwera, mji wa mpakani. Mimi nimeolewa na kaka yake Benon, basi yeye ni wifi yangu, na kwa wifi hakuna siri.

Shingoni alikuwa na rovu kubwa kama ovakado, akaliita Jirani. Ukimwamkia asubuhi, "Wabukire, wifi, umelalaje?" anakujibu, "Mimi vizuri. Jirani ndiye amekoroma."

Hilo rovu ndilo lililomfanya muuza chumvi. Muuguzi mmoja wa zamani alimweleza kwamba mvua za milimani huosha udongo hadi chakula chetu kikakosa ayodini, ile wanayoiita madini joto, na shingo hupanuka kuitafuta. Jirani hataondoka tena, akamwambia, lakini watoto wanaweza kukingwa kwa chumvi ya pakiti, ambayo imetiwa hiyo ayodini. Tangu siku hiyo Musoki akauza chumvi kama anahubiri. Ukinunua kwake vitunguu, anakuuliza chumvi. Ukienda kumpa pole ya msiba, anakuuliza chumvi. Ikafika mwaka nyumba zote za Kyondo zikawa zinakula ya kwake, na kanisani akasimama kushukuru Mungu kwamba hapa kwetu mtoto hatavimba shingo tena. Tukapiga makofi.

Mwaka 2013 akaja musawo Kobusingye, muuguzi wa wilaya, mwembamba, mwenye haraka, kuhesabu shingo. Kila mtoto wa shule aliambiwa alete kijiko cha chumvi kutoka jikoni kwao. Musawo anapapasa shingo, anaandika, kisha anadondosha tone la dawa juu ya kijiko. Chumvi ikiwa na ayodini inageuka zambarau. Isipokuwa nayo, inabaki nyeupe.

Watoto walikuwa themanini. Shingo zilizoanza kuvimba, thelathini na moja. Kijiko kilichogeuka rangi, kimoja tu, cha Night, mjukuu wa Musoki.

Habari ilishuka mlima kabla ya musawo kufunga mkoba. Wakasema Musoki anauza chokaa. Wakasema ya kweli anampelekea mkwe wake Kavira, mama yake Night, sisi anatupa makapi. Mwenyekiti wa kijiji, Baker, mtu anayependa karatasi kuliko ugali, akaandika tangazo. Jumapili baada ya ibada atalisoma mbele ya watu: mtu yeyote asinunue tena kwa Evas Musoki, na benchi lake la kuuzia liondolewe njia panda.

Musoki alimkuta Kobusingye akipanda pikipiki.

"Musawo, niazime kichupa chako cha dawa mpaka Jumapili."

"Mama, hiki ni mali ya serikali."

"Hata mimi ni mali ya serikali. Mlinihesabu pamoja na mbuzi wangu."

Kobusingye akacheka, na mtu akishacheka kwa Musoki, ameshatoa. Akampa kichupa kilichobaki nusu, akasema Jumapili atapanda mwenyewe kusikiliza.

Kesho yake tukashuka Bwera, mimi na yeye, kwa Benoît, mfanyabiashara kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayemuuzia kwa jumla. Benoît alipoona uso wa wifi yangu akasimama nyuma ya magunia.

"Mama Musoki, uko naniletea polisi?"

"Nakuletea matone. Wewe mtu wa rozari, umeniuzia nini?"

"Mie niko mutu ya Mungu. Chumvi yangu haina neno. Fungua paketi yenye unapenda, hata kumi."

Musoki akafungua tatu, moja ya juu, moja ya kati, moja ya chini kabisa, akimsukuma Benoît pembeni kwa kiuno. Tone la kwanza, zambarau. La pili, zambarau. La tatu likawa zambarau kama mdomo wa mtoto aliyeiba matunda ya jambula. Benoît akatoka nyuma ya magunia, akacheza katikati ya duka na mikono juu, wateja wakaanza kumpigia makofi bila kujua sababu.

"Angalia, mama, angalia vizuri! Sasa mwizi ni mie?"

"Si wewe," akasema Musoki, na hakufurahi. "Basi mwizi yuko kati ya hapa na chungu."

Tulipanda nyumbani tukimtafuta huyo mwizi. Alishuku jua, akashuku mwendesha boda anayekalia magunia, akashuku hata hewa. Alipofika akafungua pakiti ya benchini kwake. Zambarau. Akapiga hatua ishirini mpaka jikoni kwangu, akafunua kibuyu changu cha chumvi, akadondosha. Nyeupe.

Alinitazama kama mimi ndiye niliyeuza kanisa.

"Wifi, hii umeitoa wapi?"

"Kwako. Juzi. Ulinipimia mwenyewe ukiniuliza habari za goti langu."

"Halafu ukaifanya nini?"

"Nimeifanya chumvi, nini kingine?"

"Nifanyie nione."

Nikaona ananitania, lakini nikachukua pakiti mpya, nikaimwaga bakulini. Nikatia maji kidogo, nikasugua kwa viganja haraka haraka, nikamwaga yale maji nje, kuku wakaja mbio kama kawaida yao. Nikarudia mara ya pili. Kisha nikaikaanga kigaeni mpaka ikalia, nikaianika kwenye ungo. Ndivyo tulivyofundishwa sote. Chumvi ya ziwani ilikuja na matope na vijiti, na bibi harusi wa ukoo wetu huosha chumvi mbele ya mama mkwe kabla hajaruhusiwa kugusa chungu. Ikibaki na doa, atasikia habari hiyo mpaka azikwe. Hakuna mwanamke wa Kyondo anayetia chumvi chunguni bila kuiosha, kama vile hakuna anayepika kuku na manyoya.

Musoki akadondosha tone kwenye ile ya ungoni. Nyeupe kama meno.

Akakaa chini. Nikadhani amezidiwa, nikaitisha maji. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani, mpaka Jirani akawa anarukaruka shingoni, nami nikaanza kucheka bila kujua tunacheka nini.

"Wifi," akasema alipopata pumzi, "miaka yote hii dawa tunawapa kuku. Na mimi ninaosha. Ninaosha kuliko ninyi wote."

"Na kijiko cha Night je?"

Hapo akaacha kucheka kidogo. Kavira alikuja kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, na mtoto mgongoni, wakati wa vita vya kule, bila mama mkwe wa kumfundisha chumvi, na kijana wa Musoki alipomwoa alikuwa ameshazoea kupika kwa namna yake. Tangu hapo Musoki amemsema kwa kila mtu, na kwangu mara mbili: mkwe mzuri, ila mchafu, anatoa chumvi kwenye pakiti anatia chunguni hivyo hivyo.

Jumapili Baker akasimama nje ya kanisa na karatasi yake, miwani puani, akikohoa kama waziri. Kobusingye alikuwa amefika, kofia ya pikipiki bado kichwani. Musoki akapita mbele na sahani tatu.

"Mwenyekiti, soma, mimi sikuzuii. Kwanza nisaidie kudondosha, macho yangu mabaya."

Macho yake yanaona inzi aliye mbali huko Maliba, lakini Baker akashika kichupa. Sahani ya kwanza, chumvi ya pakiti: zambarau. Ya pili, iliyooshwa: nyeupe. Ya tatu, iliyooshwa na kukaangwa: nyeupe. Baker akadondosha tena, akijaribu kuilazimisha.

"Sasa," akasema Musoki, "mwanamke asiyeosha chumvi yake, ainue mkono. Tuko mbele ya kanisa, msidanganye."

Wanawake wakatazamana kama wameulizwa nani haogi. Nyuma kabisa, polepole, Kavira akanyanyua mkono, akaufikisha begani tu, akiwa tayari kuaibika.

"Huyo ndiye mke wa nyumba hapa Kyondo," akasema Musoki. "Sisi wengine ni wafugaji wa kuku."

Bibi mmoja karibu na mlango akauliza, "Kwa hiyo yale maji tuliyomwaga ndiyo yalikuwa dawa?"

"Ndiyo, bibi," akasema Kobusingye.

"Ndiyo maana sijawahi kuona kuku mwenye rovu."

Ibada ya pili ilichelewa nusu saa, watu hawakuweza kunyamaza. Baker aliikunja karatasi mara nne akaiweka mfukoni, akasema tangazo lilikuwa la kuuliza tu. Musawo naye alivua kofia akakiri kwamba amehesabu shingo katika milima mingi, amewauliza watu wananunua chumvi gani, hajawahi kuwauliza wanaifanyaje wakifika nyumbani. Akamwachia Musoki kichupa kipya kizima, akaomba vijiko vya shule vipimwe kila muhula na hesabu iletwe kwake.

Musoki hakukiweka kwenye kikapu chake. Alimfuata Kavira, ambaye alikuwa ameshaanza kuondoka na Night, akamtia kichupa mkononi na kumfungia vidole juu yake.

"Mama, mie sijue kusoma muzuri," Kavira akasema.

"Rangi haisomwi. Utapita jiko kwa jiko, na kila muhula utakusanya vijiko vya shule. Wakikuambia wewe ni mgeni, waambie wakuoneshe bakuli. Wazee usiwagombeze, kaa nao, kula, halafu dondosha."

"Nianzie wapi?"

"Kwangu, kesho, mapema kabla ya chai. Hii mikono imeosha chumvi miaka hamsini, itajisahau tu. Ukinikuta nimeshika bakuli la maji, ninyang'anye."