Krenki ya Sifuna

Watu wa Kitale wakimtaja Zachary Gathii wanaanza na masikio yake. Ati alikuwa anasimama kando ya barabara pale Kibomet, lori linapita, naye anakuambia valvu ya silinda ya ngapi imelegea. Mimi nilikuwa nikisema huo ni uongo wa mafundi, kwa sababu fundi na uongo ni watoto wa mama mmoja. Halafu siku moja akaketi sebuleni kwangu Bungoma, kikombe cha chai mkononi, akaniambia pampu ya maji ya jirani haifiki Ijumaa. Ilikufa Alhamisi. Jirani alikuja kuniuliza kama nimemroga.

Zachary alikuwa rafiki wa mume wangu, Sifuna, tangu miaka ya themanini. Mmoja Mkikuyu ambaye baba yake alikuja Trans-Nzoia kutafuta shamba, mwingine Mbukusu wa Myanga asiyejua kunyamaza. Walinunua Datsun kuukuu pamoja wakaitengeneza wenyewe, na kila Desemba, mahindi yakishavunwa na barabara zimekauka, walishindana na wenzao kwenye vumbi la kwenda Endebess. Sifuna alishika usukani, Zachary akamsomea kona. Hawakuwahi kuleta nyumbani hata kombe la plastiki, lakini kurudi kwao kulikuwa kama wameleta ng'ombe. Mimi nilikuwa nangoja kwenye kona na Ivy, binti yetu, mgongoni. Injini yao niliijua kabla gari halijaonekana. Ilinguruma kwa sauti nzito ya chini, na Sifuna akibadilisha gia ilikohoa mara moja. Nikisikia hicho kikohozi ndipo nilipoacha kuomba.

Sifuna alikufa mwaka wa tisini na tisa, sukari ilimmaliza. Siku ya kunyoa, wazee wa ukoo walipokaa kugawa vitu vya marehemu, shemeji yangu Wabwile aliniuliza nataka fahali au ndama wawili. Nikasema nataka injini ya ile Datsun. Walicheka mpaka mzee mmoja akakohoa chai. Wabwile akasema mama Ivy amelukwa na akiri, anyamaziwe tu. Nikamwambia akili yangu iko sawa, ya kwake ndiyo iko kwa fahali. Basi injini nikaiweka kwenye stoo nyuma ya duka langu la spea, juu ya matairi mawili, nikaifunika gunia. Nilikuwa nauza spea za kila mtu, lakini hiyo hakuna aliyethubutu kuuliza bei.

Mwaka wa 2004, mwezi wa Oktoba, Zachary akaja. Aliniambia kijana wake, Waithaka, anataka kurudisha ile Datsun mashindanoni Desemba. Bodi ya gari ilikuwa kwake Kibomet ikilaliwa na kuku. Alikuwa amepata injini mbili za aina ileile, moja kwenye pikapu ya mwuza vitunguu wa Chwele, nyingine ilikuwa ikizungusha mashine ya kukoboa mahindi pale Myanga.

"Mama Ivy, hakuna injini moja itakayotosha," akasema. "Tutachagua. Kipande huku, kipande kule. Na ya Sifuna ikiwemo."

Nikamwambia ichukuliwe, lakini nakuja nayo. Sikumficha kitu. Nilitaka kuisikia tena ile injini, mara moja tu, nimesimama kwenye kona. Nilikuwa nimeanza kusahau sauti ya mume wangu mwenyewe, na hiyo ilikuwa inanitisha usiku na mchana.

Kule Kibomet walifungua injini zote tatu, wakazipanga vipande juu ya magunia, wakaosha kwa dizeli. Zachary alikuwa na namna yake ya kuchagua. Alipitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya silinda, polepole, kama mama anayetafuta kiroboto. Ukucha ukikwama, bloku hiyo inawekwa kando. Ya Sifuna ilikwama. Silinda hedi aliilaza juu ya kioo kizito akachungulia mwanga ukipita chini yake. Ya Sifuna ilikuwa imepinda. Nikaanza kupandwa na hasira.

"Kwa hivyo ya Sifuna hakuna kitu," nikasema. "Si useme tu niirudishe kwa gunia."

Ilibidi niseme mara mbili ndipo akageuka. "Iko krenki," akasema. Krenki ni ule mhimili mzito uliopindapinda, unaokaa chini ndani ya injini na kuzungushwa na pistoni. "Krenki ndiyo inabeba kila kitu, Mama Ivy. Hiyo ikiwa yake, injini ni yake. Hayo mengine ni mabati."

Hapo nikatulia. Nilishika hilo neno kwa mikono miwili.

Krenki hupimwa kwa kulia. Unaifunga kamba, unaining'iniza kwenye boriti, unaigonga kwa nyundo ndogo. Ikiwa nzima inalia kama kengele ya kanisa na sauti inakaa. Ikiwa na ufa, hata usioonekana, inatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Zachary akagonga ya Chwele kwanza. Ilitoa sauti mbovu, hata mtoto angejua. Nikakunja uso, naye akaitoa. Akagonga ya Myanga. Ililia vizuri, ndefu, mpaka kuku wakainua vichwa. Nikatabasamu, akaichora chaki. Halafu akaning'iniza ya Sifuna, akagonga.

Du. Basi. Hakukuwa na kingine.

Nikamtazama Zachary. Yeye alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa anaitazama krenki, wala hakuwa ameinamisha kichwa kusikiliza kama zamani. Alikuwa anasubiri uso wangu. Ndipo nikaelewa. Asubuhi mkewe, Wakonyo, alikuwa amemwita chai mara tatu bila kujibiwa, nami nikadhani ni ndoa tu. Kumbe fundi wa masikio alikuwa hasikii. Waithaka alikuwa upande wa pili wa uwanja anakata chuma kwa mashine, kelele tele, hangeweza kujua lolote.

Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nilitabasamu mpaka meno ya nyuma. Zachary akacheka kwa furaha, akaifuta ile krenki kwa shati lake mwenyewe, akaichora chaki kubwa.

"Sifuna hakuwa mtu wa kupasuka," akasema.

Nilirudi Bungoma na furaha yangu ikakaa siku mbili. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata Kimilili. Mimi nauza spea, najua kinachofuata krenki ikikatika gari likiwa mbioni. Inavunja bloku, mafuta yanamwagika kwenye magurudumu, gari linaenda linakotaka. Nilijiambia labda nilisikia vibaya. Nilijiambia chuma cha Sifuna ni kigumu. Lakini kila nikifikiria ile kona, sikuwa mimi niliyesimama pale. Alikuwa Ciru, mke wa Waithaka, na mtoto mgongoni.

Jumatano kabla ya mashindano nikafunga duka nikaenda Kibomet. Injini ilikuwa tayari ndani ya gari, imefungwa, inang'aa. Nikamvuta Zachary kando, nikamwambia taratibu ili kijana asisikie: krenki ya Sifuna ina ufa, nilikudanganya. Akaitikia kwa kichwa akitabasamu. Nikarudia. Akaitikia tena. Nikaona hakuna njia ya kumwambia huyu mtu ukweli bila ya kumwaibisha, na nikapaza sauti.

"Krenki haikulia! Nilikudanganya, Baba Waithaka, kwa sababu niliona husikii!"

Mashine zote zilinyamaza. Waithaka akaweka spana chini, akaja akasimama mbele ya uso wa baba yake, akapaza sauti.

"Baba, hukusikia?"

Zachary alifuta mikono kwa kitambaa. "Tangu mwaka jana," akasema. "Sikio la kulia lilianza. Sasa ni yote."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungempelekea nani gari lako? Watu huja kwa sababu ya masikio yangu, hawaji kwa mikono."

Kijana hakumgombeza. Alinigeukia mimi. "Mama Ivy, ungeniua."

"Ndiyo," nikasema.

Wakaitoa injini. Waliosha krenki ya Sifuna kwa mafuta taa, wakaikausha, wakaipaka unga wa chaki. Baada ya muda mfupi mstari mweusi ukajitokeza kwenye mpindo wa tatu, mwembamba kama unywele. Zachary akaupitishia ukucha kwenda na kurudi. Nilitegemea anitukane, na ningekubali. Aliniambia tu niende jikoni nimsaidie Wakonyo, watu watakula hapa mpaka Ijumaa. Kila aliyeingia uwanjani siku hizo alikuwa ameshasikia, na wengine walianza kuongea naye kwa mikono kama wanaoongea na mtoto. Aliwaacha. Nilikata sukuma wiki nikilia, nikasingizia vitunguu ambavyo hatukuwa tumeanza kukata.

Jumamosi tukasimama kwenye kona ya kwenda Endebess, Zachary na mimi, Ciru mbele yetu kidogo. Mabua ya mahindi yalikuwa yamelazwa pande zote, na vumbi la magari yaliyotangulia lilikuwa halijashuka. Zachary alinigusa bega. Alitaka nimwambie gari la kijana wake likikaribia.

Nikalisikia. Lilikuja na sauti nyepesi, ya juu, safi, ya krenki iliyokuwa ikikoboa mahindi Myanga. Waithaka akabadilisha gia na halikukohoa. Nikamwonyesha Zachary kwa kidole kuwa linakuja.

"Ni yeye?" akaniuliza.

Nilijua anamaanisha nani. Na uso wake ulikuwa umekaa vilevile, tayari kuamini chochote nitakachomwonyesha. Nikamshika mabega, nikamgeuza anitazame mdomo.

"Si yeye. Sifuna alikufa, Baba Waithaka. Anayekuja ni mtoto wako."

Sikuwa nimelitamka hilo neno, alikufa, kwa sauti tangu tumzike. Zachary aliitikia kwa kichwa, akatoa kitambaa chake chenye mafuta ya injini, akaanza kunifuta uso.