Koti la Shemeji Ngusa

Hakuna wiki inayopita bila mtu kunitumia ujumbe: "Mama Goodness, nami nataka kuandika riwaya, nianzie wapi?" Mimi nauza mchele Kahama, shule yangu iliishia la saba, na hadithi zangu nazirusha kwenye magrupu ya wasapu, kipande kwa kipande. Darasa la kukufundishia sina. Ninacho kisa cha siku tuliyomzika shemeji yangu Ngusa. Ukikisoma mpaka mwisho na bado ukaniuliza swali lile lile, basi kauze vitunguu.

Ngusa alikuwa kaka wa marehemu mume wangu, Masalu. Masalu alipofariki, majaruba yake ya mpunga, kule kijijini kwao upande wa Ushirombo, Ngusa akayachukua. Hakunipiga, hakunitukana. Alikuja, akakohoa mara mbili mlangoni kama kawaida yake, akasema bila kuniangalia usoni, "Majaruba ni ya ukoo." Akaondoka. Binti yangu Goodness amekua akiyaona majaruba ya baba yake kutoka barabarani tu, wenzake wakivuna.

Nami nikalipiza kwenye hadithi. Nilimtunga Mzee Shija, mnyang'anyi wa mashamba ya wajane. Nikampa macho mekundu. Nikampa meno meusi. Akiamka anapiga mbwa, akilala anapiga mke. Mwanzoni wasomaji walimchukia vizuri, baadaye wakaanza kupiga miayo. Mmoja akaniandikia, "Mama, huyu mzee wako ni kama ile midoli ya kufukuzia ndege shambani. Ndege wenyewe wameshamzoea." Nikamtoa kwenye grupu. Yeye alitoka, maneno yake yakabaki.

Ndipo Ngusa akafa.

Sasa nisikilize. Ukoo wetu na ukoo wao ni watani, na kwa mtani msiba ni kazi. Mtu akishazikwa, mmoja wetu anavaa nguo yake, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, mpaka wafiwa wacheke kabla ya kutawanyika. Usidhani ni mchezo. Ukimpatia, watu wanaitikia, "Ndiye!" Ukimkosea, uwanja mzima unakuzomea, "Siye huyo!" na hapo umemwaibisha maiti na wewe mwenyewe. Siku hiyo macho yote yalikuwa kwangu, kwa sababu ndimi niliyekuwa hodari wa kazi hiyo, na kwa sababu kila mtu alijua habari ya majaruba.

Na kulikuwa na hili. Baada ya chakula ukoo ungekaa kikao kugawa mali ya Ngusa, na Goodness alikuwa amekuja kuomba shamba la baba yake. Mwenye kauli alikuwa Telesphori, mtoto mkubwa wa Ngusa. Alinifuata kwenye pipa la maji nikinawa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Nasikia koti la mzee unavaa wewe."

"Ndivyo walivyosema wakubwa."

Akaangalia huku na huku. "Hadithi zako huwa nazisoma, mama mdogo. Yule Mzee Shija namjua."

Maji yakanikauka mikononi.

"Ukimleta Shija hapa mbele ya mama yangu," akasema polepole, "kikaoni msije. Wewe wala Goodness."

"Unaniomba au unanitisha?"

"Yote mawili," akajibu, akaenda zake.

Hosiana, binti wa baba yangu mkubwa, mtani mwenzangu, alikuwa amesikia yote. "Rahisi hiyo," akaninong'oneza. "Msifie. Sema alikuwa mkarimu, mpole, mpenda watoto. Tule wali twende zetu."

"Ngusa mkarimu? Hosiana, utawafufua waliozikwa zamani waje kupinga."

"Basi mtukane, mwanao akalime barabarani."

Nikimtukana, shamba limekwenda. Nikimsifia, nitazomewa, na kelele hizo Telesphori angezihesabu kuwa tumemfanyia baba yake dhihaka. Nilimtazama Goodness chini ya turubai, amebana kanga kifuani kama mtu anayesikia baridi jua likiwaka. Nikasema, lete hilo koti.

Lilikuwa zito, linanuka tumbaku na pumba. Nikavaa na kofia yake ya pama. Nikatoka nyuma ya nyumba, nikasimama mbele ya watu, nikakohoa. Mara mbili.

Vicheko vikapasuka. "Ndiye!"

Nikaenda jikoni kwa mwendo wake, goti la kulia likikataa kukunjika, nikatoa ukuni mmoja kwenye mafiga. "Moto huu ni wa kupikia au wa kuchomea nyumba?" Wanawake wakaangushana kwa kucheka, maana hapakuwa na jiko alilopita Ngusa asitoe ukuni, hata jiko la jirani. Nikauficha ukuni ndani ya koti. "Ndiye! Ndiye huyo!"

Mnaona? Hapo sikuwa nimesema kama ni mbaya au mzuri. Nimetoa ukuni tu. Nyinyi mnaandika "alikuwa bahili sana" halafu mnataka tuwaamini.

Miguu ikanipeleka mbele ya Goodness. Sikuipangia. Nikasimama, nikageuza uso pembeni, nikasema kwa sauti yake, "Majaruba ni ya ukoo."

Telesphori alinyanyuka kitini. Hosiana alijifunika mdomo. Kwenye hadithi yangu hapa ndipo sura iliishia kila mara: mzee katamka neno lake baya, mjane kaanguka analia, itaendelea. Lakini koti lilikuwa bado mwilini, watu wananitazama, sura haifungiki. Mtu akishasema neno lazima aende mahali. Ngusa alikuwa akisema hilo, anakwenda wapi?

Nilikuwa najua. Nikipita barabarani kwenda mnadani nilikuwa namwona. Anabeba jembe, anakwenda kwenye yale yale majaruba. Nikabeba jembe la hewani, nikatembea na goti langu bovu mpaka katikati ya uwanja. Telesphori naye akapiga hatua kuja. Nikalima. Nikafuta jasho. Nikakaa chini kama anayekaa kwenye tuta wakati wa chakula cha mchana, na mwili ukasogea wenyewe kushoto, ukaacha nafasi ya mtu upande wa kulia.

Ndivyo Ngusa alivyokaa miaka yote. Yeye na Masalu walilima pamoja tangu wakiwa vijana, wakila kwenye tuta hilo, mmoja kushoto mwingine kulia. Masalu kazikwa, Ngusa hakuwahi kukaa katikati. Nilikiona kitu hicho kwa macho yangu na Mzee Shija sikumpa, kwa sababu kingeniharibia chuki yangu.

Nikamega ugali usiokuwepo. Kabla sijautia mdomoni nikatazama kulia.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema ndiye wala siye. Nilisikia kuku anaparua nyuma ya ghala. Telesphori alikuwa amesimama karibu yangu kiasi cha kuona vumbi kwenye viatu vyake, nikajua nimekwisha.

Ndipo Euphrasia, mjane wa Ngusa, akasema kutoka kwenye mkeka wake, "Kofia, Mama Goodness."

"Kofia imefanyaje, dada?"

"Alikuwa anaivua. Anaiweka hapo, mtu asikae."

Nikaivua pama, nikaiweka kulia kwangu. Euphrasia akacheka, kicheko kikageuka kilio akiwa bado amefungua mdomo, na wanawake wote wakamfuata. "Ndiye," akasema mzee mmoja. "Ndiye Ngusa huyo."

Telesphori akainama, akaokota ile kofia, akaenda nayo kukaa.

Kikaoni tuliingia, hakuna aliyetuzuia. Goodness aliomba kwa heshima, amepiga goti. Telesphori aliizungusha pama magotini muda mrefu, wazee wakatazamana. Mwishowe akasema, akiangalia pembeni, "Jaruba la chini, lenye lile tuta, alime Goodness. Mengine ni ya ukoo."

Nikafungua mdomo nidai yote. Goodness akanikanyaga mguu. Nikaufunga.

Niliporudi Kahama nilimfuta Mzee Shija tangu sura ya kwanza, nikamwandika upya. Macho mekundu nikayatoa, mbwa nikamwacha alale. Unyang'anyi sikuupunguza hata kidogo, maana shamba alichukua kweli. Nilimwongezea ukuni, na tuta, na kofia. Wasomaji wakaja juu: "Mama, umetuharibia! Tunamchukia huku tunamwonea huruma, sasa tushike lipi?" Nikawajibu shikeni yote mawili, mimi mwenyewe ndivyo ninavyoishi.

Kwa hiyo wewe wa "nianzie wapi", nakuuliza. Huyo mbaya wako, akishatamka neno lake baya, anakwenda kukaa wapi? Anakaaje? Kama hujui, hujamwona bado. Funga simu ukamtazame. Na ukiona kitu kinachokuharibia chuki yako, hicho hicho ndicho cha kuandika kwanza.

Mpunga wa Goodness umeanza kutoa masuke. Jana jioni tulikuwa kwake tunakoka moto, tukasikia mtu anakohoa nje. Mara mbili. Goodness akaacha kupuliza, akanitazama. Telesphori akaingia, hakukaa, akainama akatoa ukuni mmoja kwenye mafiga.