Chura wa Shangazi

Godoro la sufi likilowa mkojo halikauki kwa siku moja. Linanuka uvundo mzito, na jua la Kisarawe likilipiga ndiyo linazidi. Harufu hiyo ndiyo utoto wangu. Nilikuwa na miaka minane, mama amefariki kule Kibaha, nikaletwa kwa shangazi, dada yake baba. Siku ya kwanza tu akanikataza kumlilia mama, eti machozi yangu yanamuunguza kaburini. Nikaacha kulia. Haukupita muda nikaanza kukojoa kitandani, mimi niliyekuwa nimeacha tangu mdogo.

Alinichapa, haikusaidia. Akanibebesha godoro kichwani mpaka kisimani, watoto wananifuata wakiimba. Ndipo akawatuma wakatafute chura. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya kikojozi: unamfunga chura mzima kiunoni, mtoto anashtuka, anaacha. Wakamleta mkubwa, amevimba. Shangazi akamfunga kwa kitambaa tumboni kwangu, ngozi kwa ngozi, akaniteremshia gauni. "Haya bi harusi, mumeo huyo," akasema, na majirani wakacheka mpaka wakashika mbavu. Chura alikuwa wa baridi, ananipiga mateke kitovuni. Nilishinda naye. Kufika jioni alikuwa hatikisiki tena, na sikuruhusiwa kumfungua. Shangazi akasema godoro likilowa tena atafunga wawili. Halikulowa tena, na mtaa mzima ukamsifu.

Leo shangazi ni kikongwe, anaishi kwangu hapa Mkuza. Namuogesha, namlisha, kwa sababu Mungu ataniuliza. Tangu tumzike mume wangu, binti yangu Zuhura analowesha kitanda. Shangazi alipogundua alicheka kwa pua. "Mvua hizi vyura wamejaa. Mfunge mmoja tu." Zuhura alisikia. Alishika tumbo lake kwa mikono miwili, akaniangalia mimi.

Asubuhi niliswali, nikamchukua tukaenda hospitali. Nesi alimpima mkojo kwanza, akasema hana ugonjwa. Kisha akavuta kiti karibu na mtoto, akamuuliza, "Baba alikuwa anakuitaje?" Zuhura hakumaliza kutamka. Alilia mpaka akakwama pumzi, na nesi hakumnyamazisha. Alisema nimrudishe kila wiki aongee, na nyumbani asitishwe wala asichekwe.

Tuliporudi shangazi aliuliza, "Kapewa dawa gani?"

"Kaambiwa alie, shangazi."

"Kulia ndiyo dawa? Wewe nilikufunga chura ukapona. Hata asante sijaisikia."

"Sikupona, shangazi. Niliacha kulala. Nilikuwa nakaa macho mpaka adhana, nalinda godoro. Na mpaka leo usingizi wangu haujarudi."

Akasema, "Lakini hukukojoa," akaomba uji wake. Nikampa.

Zuhura bado analowesha. Shuka zake nafua mwenyewe na kuzianika uani, watu wasione. Nikipita chumbani kwake nasimama mlangoni namsikiliza anavyokoroma.