Kisu Kilichorudi

Eugène, mfua visu wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, alikuwa na namna yake ya kuchukua kipimo. Mteja akija kutaka kisu cha kuwindia, hakuulizwa urefu wala chuma. Aliketishwa, akanawishwa mikono, akawekewa tonge kubwa la bugali wa muhogo, akaambiwa alifinye kana kwamba ameshika kisu, kisha aliachie. Tonge lile lenye alama za vidole lilikaushwa juu ya moto mpaka likawa gumu, na kwa kuliiga Eugène alichonga mpini kwa tupa mpaka kila kidole kikapata kitanda chake. Chuma kilitoka kwenye springi za malori yaliyokata roho njiani kutoka Mboko, na mwaka ule wa 1954 malori ya namna hiyo hayakukosekana.

Visu vyake vilikuwa vizuri, hilo halina ubishi. Shida ilikuwa mdomo. Jumapili moja baada ya misa, mbele ya wawindaji wote, alitangaza kwamba siku kisu chake kitakaporudishwa kwa kutomfaa mwenyewe, atazima moto na kwenda kulima muhogo. Mkewe Godelieve, ambaye ndiye aliyemvutia mivukuto, alicheka.

"Mi najua jembe iko wapi," alisema. "We ngoja tu siku."

Siku ilikuja na Raphaël, mtu wa Mboko aliyekuwa amemwoa binti wa mzee Albert, mkuu wa wawindaji. Mzee alitaka kumwingiza katika kundi lake, akamleta mwenyewe kwa Eugène. Raphaël akanawa, akafinya tonge mbele ya baba mkwe wake kwa adabu zote, na baada ya wiki mbili akaondoka na kisu chenye mpini wa pembe ya nyati.

Mwezi haukuisha. Kisu kikarudi, tena mchana kweupe, wawindaji sita wakiwa wamekaa bandani kunoa vyao, mzee Albert katikati yao.

"Papa Eugène," Raphaël alisema kwa sauti ya chini, "hii kisu inanikatala. Nilichuna mbawala, nikatoboa ngozi mara tatu."

Watu wakaacha kunoa, kwa ile furaha ya kungoja mwenye majivuno aanguke. Eugène alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye moto ule. Kulima hakujua, na hakutaka kujua.

Akampa Raphaël muhogo aumenye. Raphaël alishika kisu kwa mkono wa kulia, akamenya polepole kama mtu anayeandika jina lake kwa mara ya kwanza. Eugène aliangalia vidole. Yale makovu madogo ambayo kila mwindaji huyapata kwenye mkono usioshika kisu, yote yalikuwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa safi, ila una sugu nene kiganjani. Ndipo akaelewa. Bwana huyu alifanya kazi kwa kushoto maisha yake yote, lakini nani angegusa bugali kwa kushoto mbele ya baba mkwe? Tonge lilikuwa limepima mkono wa adabu, na kazi ilifanywa na mwingine.

Neno moja lingemwokoa. Lilikuwa tayari ulimini. Kisha akaona Raphaël anavyomtazama, na mzee Albert anavyokunja uso. Eugène akalimeza, na lilimuuma.

"Ni mi njo nilikosa," alisema. "Mpini iko mubaya."

Kicheko kilichofuata kilifika ziwani. Eugène alizima moto, akamfuata Godelieve shambani, akapanda vipando vya muhogo kichwa chini miguu juu. Siku ya tatu mkewe akambana, maana kazi ya mumewe aliijua. Eugène akamweleza habari ya mkono wa kushoto.

"Moto ya jikoni yangu haikuapa kitu," Godelieve alisema. "Twende, kabla hujanimalizia shamba."

Raphaël akaitwa jikoni peke yake, akawekewa tonge. Alilitazama, akamtazama Eugène, halafu akanyoosha mkono wa kushoto.

Kisu cha pili kilipokuwa tayari, wawindaji waliua nyati, wakamleta mbele ya nyumba ya mzee Albert. Eugène alisimama nyuma ya watu wote, matope ya shamba miguuni. Raphaël akaitwa achune. Alisita kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kunong'ona. Kisha akachomoa kisu kwa mkono wa kushoto, mbele ya baba mkwe, mama mkwe na nusu ya Baraka, akapasua ngozi kutoka shingoni hadi mkiani bila kutoboa.

"Ile kisu ya kwanza haikukuwa na kosa," alisema bila kuinua kichwa. "Mi nilidanganya na mukono. Papa Eugène alinifichia."

Mzee Albert aliutazama mkono ule wa kushoto, umelowa damu hadi kiwikoni.

"Endelea kukata," alisema. "Batu iko na njaa."