Maktaba Yake ya L na R

Nilipoajiriwa katika hospitali moja ya misheni hapa Kakamega, tulikuwa wawili tu katika chumba cha kompyuta, mimi na kijana mmoja kutoka upande wa Butere aliyenitangulia kazini. Yeye ndiye aliyenifundisha karibu kila ninachokijua kuhusu seva, ile kompyuta kuu inayoendesha programu za hospitali.

Shida yetu kubwa ilikuwa majina. Karani mmoja aliandika jina la mgonjwa kwa L, mwingine akaliandika kwa R, kama kila mmoja alivyolitamka. Mgonjwa akirudi, kompyuta inasema hajulikani. Basi mwenzangu akaandika maktaba ya Java, faili ndogo ya msimbo ambayo programu nyingine huweza kuitumia, ya kuzihesabu L na R kuwa herufi moja. Siku ilipoanza kufanya kazi tulikwenda kula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, sokoni, tukacheka hata mwenye hoteli akatuuliza kama tumeoana. Mwenzangu hakukana. Mimi niliangalia sahani.

Baadaye alipata kazi Ujerumani. Nilimsindikiza hadi steji ya matatu, tukapeana mikono kama watu wa ofisi.

Mwaka jana seva yetu ilizeeka, tukanunua nyingine. Nilihamisha programu zote mbili, ya mapokezi na ya famasia, nikaziwasha. Zote zikakataa. Ujumbe ulisema maktaba ile haionekani. Nikaichukua kutoka seva ya zamani, nikaiweka ndani ya programu ya mapokezi. Mapokezi yakafunguka, lakini famasia ikabaki imegoma, na foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika nje.

Nikampigia mwenzangu Ujerumani. Tulikuwa hatujaongea kwa miezi mingi.

"Umeiweka wapi?" akauliza, bila hata salamu, kama zamani.

"Ndani ya programu ya mapokezi."

"Ndiyo maana. Hapo famasia haiwezi kuiona. Iweke kwa folda ya maktaba ya seva yenyewe, ile ambayo programu zote husoma. Halafu utoe hiyo ya mapokezi, zisigongane. Kisha uzime seva, uwashe tena."

Nilifanya hivyo. Tulipokuwa tukingoja seva iamke, mvua ya alasiri ikaanza kupiga mabati.

"Ni mvua hiyo?" akauliza.

"Ndiyo. Si unajua hapa hunyeshanga kila siku."

"Nyamaza kidogo. Wacha nisikie."

Nikainua simu kuelekea dirishani. Mkono ulichoka, sikuushusha. Nilitamani seva hiyo ichelewe. Lakini iliamka, na muuguzi akachungulia mlangoni: "Famasia imerudi! Kukhu mmoja, nyanya mzee kabisa, ameshapata dawa yake!"

Nikamwambia. Akashusha pumzi, akasema, "Asante Mungu." Ndipo nikamuuliza lile nililolibeba tangu stejini.

"Utarudi?"

"Disemba nitakuja. Kuna mtu nataka umjue."

Alikuja kweli, na mchumba wake, dada mpole aliyejitahidi kunisalimia kwa Kiswahili. Niliwapikia chai ya maziwa pale katika chumba chetu cha kompyuta. Mwenzangu alizunguka akigusa meza, viti, waya, akimwonyesha mahali alipokuwa akikaa. Dada yule akaniambia, "Anakutaja sana." Nikasema karibu, ongeza chai.

Niliwafikisha hadi getini. Wakapanda boda wote wawili, mwenzangu nyuma kabisa, na kabla hawajakata kona aligeuka akapunga mkono. Nilirudi chumbani nikakuta vikombe vitatu mezani. Viwili niliviosha mara moja. Cha mwenzangu nilikiacha mpaka jioni.